Jua la Wodi ya Kifua Kikuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo, brashi na onyo. Onyo lilitoka kwa Matroni, mkuu wa wauguzi wote pale hospitalini, mwanamke mrefu ambaye ukimsikia anakuja unajikagua nguo kabla hajakukagua yeye.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne, Matroni."

"Kusoma unajua?"

"Nasoma jina la mgonjwa na namba ya kitanda. Zaidi ya hapo nauliza."

"Uliza. Anayeuliza hajawahi kuniulia mgonjwa. Lakini hapa hakuna kujibizana na wakubwa, umenielewa?"

Nikasema sawa. Ile sawa niliisema kwa mdomo tu, na nadhani hata yeye alijua.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa. Soko la Sumbawanga lilikuwa limeanza kujaa mitumba na sabuni za kila rangi, baada ya miaka ya kupanga foleni. Ruksa yenyewe ilichelewa kufika huku juu Ufipa kwa sababu ya barabara, lakini ilifika. Nami nilifika hospitalini mwaka huohuo, mjane mwenye watoto, natoka kijijini Pito kwa miguu na kurudi kwa miguu. Kazi niliyopewa ni uhudumu wa wodi. Ninyi mnaoingia wodini leo na simu mfukoni mnawachanganya muuguzi na mhudumu. Muuguzi ana cheti na sindano. Mhudumu ana mgongo. Anainua, anageuza, anaosha, anamwaga mkojo, anabeba maiti. Nimefanya hayo yote na sijawahi kuona aibu, kwa hiyo usinionee huruma, soma tu.

Nilianzia wodi ya watoto. Baridi ya Ufipa haina utani, hasa Juni na Julai upepo unapoamka na kulala na watu. Kwa hiyo kwetu mtoto mchanga alifungwa blanketi hadi puani, akawekwa ndani karibu na moto, nyumba yenyewe dirisha lake la kuingiza ngumi. Mama anakwenda shambani kwenye ulezi, bibi anabaki na mtoto humo ndani kwenye moshi. Huo ulikuwa upendo, asikudanganye mtu. Lakini wengine waliletwa kwetu miguu imepinda kama upinde, kifua kimebonyea, kulia wanalia ukiwagusa tu. Hayo ndiyo matege.

Daktari aliyekuwa na wodi ile, na baadaye wodi ya kifua kikuu pia, alikuwa kijana wa maneno machache. Tulimwita Daktari wa Vifua. Alitukusanya sisi wahudumu na wale bibi wenye wajukuu, akaeleza. Vitamini nyingine tunazila kwenye chakula, alisema, lakini hii iitwayo D mwili unaipika wenyewe. Ngozi ndiyo sufuria, jua ndilo kuni. Bila hiyo, mifupa haishiki chokaa yake, inabaki laini, na mtoto akisimama inapinda kwa uzito wake mwenyewe. Bibi mmoja akasema, "Sasa mwanangu, nimtoe mtoto kwenye upepo huu afe kwa kikohozi akiwa na miguu iliyonyooka?" Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Alisema mtoto atolewe upepo ukitulia, kidogo kidogo, miguu na mikono wazi, arudishwe ndani.

Nikajiona nimeelewa. Wodi ilikuwa na dirisha moja kubwa la kioo upande wa mashariki. Nikawapanga watoto pale asubuhi, jua limewamwagikia, joto tele, upepo hamna. Bibi wakanibariki. Daktari akaingia.

"Nani kawapanga hapa?"

"Mimi, Daktari. Jua lote lao."

"Mama, kioo kinapitisha mwanga na joto. Ile sehemu ya jua inayopika vitamini inabaki nje. Hapa umewaotesha moto tu."

"Hiyo sehemu wewe unaiona?"

"Haionekani."

"Kwa hiyo unataka niwatoe watoto kwenye joto niwapeleke kwenye baridi kwa ajili ya kitu kisichoonekana."

"Mdudu wa kifua kikuu unamwamini?"

"Namwamini. Nimebeba aliowaua."

"Basi na hili utaliona kwenye miguu yao."

Tukawatoa. Alikuwa akiwapa pia matone ya vitamini na kuwahimiza mama zao dagaa na maziwa. Miguu ya wengine ilinyooka, ya wengine haikunyooka, walikuwa wamechelewa kuletwa. Naeleza kama ilivyokuwa. Lakini toka siku ile kioo na mimi hatukupatana tena.

Wodi ya kifua kikuu nilipelekwa kwa sababu ya mdomo wangu. Nilimwambia muuguzi mmoja mbele ya wageni kwamba shuka alilotandika limeshalaliwa. Lilikuwa limelaliwa. Matroni akaniita, akasema, "Kuna wodi ambayo hakuna atakayekusikia ukiropoka. Nenda huko." Alidhani ananiadhibu. Wenzangu waliniaga kama nakwenda kuzikwa.

Wodi ile ilikuwa mwisho kabisa wa hospitali, na nyuma yake kulikuwa na uwanja mpana wa nyasi unaotazama mashariki. Wakati ule mgonjwa wa kifua kikuu alilazwa muda mrefu kwa sababu sindano zilikuwa za kila siku, na aliyetoka mbali angechomwa na nani huko kwao? Kila asubuhi, sindano zikishapigwa na vidonge vikishamezwa mbele ya muuguzi, mimi na mwenzangu tulitoa mikeka na vitanda vyepesi, tukawaweka wagonjwa uwanjani, miguu wazi, mikono wazi, kichwa kivulini. Tuliita kuanika. Mtu wa Ufipa anaanika ulezi, hivyo neno halikutafutwa mbali. Nami nikaitwa Mama Anika, kwanza kwa kejeli, baadaye nikaitika.

Nanyi msijidanganye, maana najua mnavyopenda njia ya mkato. Hakuna jua linaloua mdudu wa kifua kikuu akiwa ndani ya pafu. Mdudu huyo anauawa na dawa, na dawa humezwa hadi mwisho. Daktari alilisema hilo kila siku mpaka wagonjwa wakawa wanamwigiza. Jua alilitaka kwa jambo jingine.

Aliniambia hivi. Mwili ukiingiwa na mdudu unawasha moto wa kupigana naye. Madaktari wana jina lao refu la moto huo, mimi nauita moto wa ndani. Ndio unaoleta homa za jioni, jasho na kukonda. Shida ni kwamba ugonjwa ukikaa sana, moto unazoea kuwaka, na mwili unaanza kujiunguza wenyewe hata mdudu akiwa anaelekea kufa. Yeye alitaka kujua kama vitamini hii ya jua inausaidia mwili kuupunguza moto huo, ili mgonjwa wa muda mrefu apone haraka zaidi na apate nguvu zake.

"Kwa hiyo inasaidia?" nikamuuliza.

"Sijui. Wapo wanaodhani hivyo. Ndiyo maana naangalia."

Kuangalia kwake kulikuwa hivi. Alichukua damu kidogo ya mgonjwa, ikawekwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, mrija ukasimamishwa wima. Damu ikikaa inajitenga, chembe nyekundu zinashuka chini, maji yake yanabaki juu. Zikishuka haraka, moto wa ndani ni mkali. Zikishuka taratibu, moto unapoa. Mimi nilibeba ile mirija kwenda maabara kama nimebeba mayai, kwa sababu ukiitikisa umeharibu. Aliuliza nani ameanikwa, nani amekataa, nani alifunikwa, akaandika. Kazi ya miaka, alisema.

Hapo ndipo akaletwa Minza.

Minza alikuwa mke wa mfugaji Msukuma, watu waliohamia upande wa Muze, chini bondeni. Aliletwa na mume wake, Masanja, kwa mkokoteni wa ng'ombe kisha lori, wakapanda mteremko wote hadi huku juu. Alikuwa na kifua kikuu, na juu ya hicho mifupa ilimuuma mpaka hawezi kusimama bila kushikwa. Sababu ilijulikana nilipomwosha. Ngozi ilikuwa imepauka kama ya kitu kilichowekwa chini ya gunia. Kikohozi kilipoanza, ukoo ulisema ametupiwa jicho, wakamfungia ndani gizani asionekane na watu, mvua zikaja zikaisha yumo humo humo. Daktari akasema huyu anadaiwa vitu viwili, dawa na jua, na kama hatapata vyote kutembea kwake kuna mashaka. Alikuwa na watoto watatu kwao.

Huyo mwanamke alinichukia. Bondeni kwao ni joto usiku na mchana. Huku kwetu Julai ilimpiga kama kofi.

"Mayu," aliniita hivyo, ndiyo mama kwa Kisukuma, "mayu, wewe ulitumwa na nani uniue?"

"Nyoosha miguu."

"Kwetu hata mbwa hatumtoi nje na baridi hii."

"Kwenu mlimtoa nani nje? Wewe walikufungia. Nyoosha miguu."

"Nikipona nitakuja na fimbo ya Masanja nikuchape."

"Pona basi uje. Nitakusubiri hapa hapa."

Wagonjwa wengine walikuwa wakitungoja tuanze, ndiyo ilikuwa redio yao. Lakini alianza kukaa mwenyewe. Kisha kusimama kwa kushika kitanda. Daktari alipiga magoti uwanjani akamtazama akisimama, na ile ndiyo mara ya kwanza kumwona akitabasamu.

Baada ya hapo akaondoka. Hospitali za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, zikawa zinawachukua madaktari kama wanunuzi wa mahindi wanavyopita Chala wakati wa mavuno. Alikuja kuniaga uwanjani.

"Nina familia, mama."

"Na hawa?"

Akaiangalia mikeka. Kisha akasema, "Utaendelea kuwatoa?"

"Kwani nilikuwa nawatoa kwa ajili yako?"

Karatasi zake za uchunguzi alizifunga kwa kamba akaenda nazo. Mirija ikarudi kabatini. Majibu hayakutoka, wala hakuna aliyeyauliza.

Yaliyokuja baada yake ni mambo mapya, na mambo mapya yalikuwa na Katibu. Katibu wa hospitali ndiye anayeshika majengo, mishahara na magari. Yule alikuwa mtu nadhifu, mwenye salamu, tena si mwovu. Aliambiwa hospitali ijitegemee, naye akatafuta pa kujitegemea. Akatuita wote.

"Ule uwanja wa nyuma ya wodi ya kifua kikuu unapakana na barabara," alisema. "Tutajenga fremu za maduka, tupangishe. Wagonjwa hawatasahaulika. Tutawazibia baraza la wodi kwa vioo, kuanzia chini hadi juu. Watapata jua bila upepo. Haya ndiyo maendeleo."

Watu wakapiga makofi. Nami nasema ukweli, wagonjwa ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Nikasimama.

"Jua la kupitia kioo halina kitu, Mheshimiwa. Daktari alisema."

"Daktari gani?"

"Aliyeondoka."

Kicheko. Katibu mwenyewe hakunicheka, alinijibu kwa upole, na upole ule ulinikera zaidi. "Mama yangu, ukikaa kwenye kioo unasikia joto?"

"Nasikia."

"Unaona mwanga?"

"Naona."

"Sasa jua ni nini kama si hayo mawili?"

Sikuwa na kitabu, sikuwa na karatasi, nilikuwa na neno la mtu aliyeondoka. Nikasema, "Sijui ni nini. Najua liko nje." Nikakaa.

Fremu zikaanza kuchimbiwa msingi, vioo vikawekwa. Wagonjwa wakahamia barazani wakafurahi, Minza wa kwanza, amejikunja kwenye joto kama kuku anayeatamia. Asubuhi ya kwanza nilitoa mikeka kama kawaida. Uwanja wa nyuma umejaa mchanga na matofali, nikaipeleka mbele, kwenye nyasi za ofisi, kona iliyo mbali na njia ya wageni, pale Katibu alipokuwa anaegesha gari. Waliokubali kutoka walikuwa wachache, wazee wawili na mama mmoja. Minza alikataa kata kata.

"Mayu, hata Katibu amekuona mwendawazimu."

"Daktari alisema unadaiwa jua."

"Daktari yuko kwenye mshahara mnono. Mimi niko kwenye joto. Tuache."

Katibu akafika, akakuta wazee wangu wamenyoosha miguu pale anapoegesha gari. Akapiga honi. Mzee mmoja akampungia mkono. Matroni akaitwa, akaja kwa ule mwendo wake.

"Siku ya kwanza nilikuambia nini?"

"Nisijibizane. Sijibizani, Matroni. Naanika."

"Toa hii mikeka."

"Niandikie kwamba wagonjwa wa kifua kikuu wasikae nje. Uweke sahihi. Nitatoa."

Hakuandika. Akasema kwa sauti ya chini, "Kesho unaanza kwa dobi." Dobi ni chumba cha kufulia cha hospitali, shuka zenye damu na makohozi zinakochemshwa kwenye mapipa. Ilikuwa kushushwa. Nikachukua kandambili zangu, nikaenda.

Wenzangu walisema nimeshindwa, na kwa wiki kadhaa nami niliona hivyo. Kilichoniuma si mapipa. Kilichoniuma ni yule mwanamke pale nyuma ya kioo, na watoto wake bondeni. Nilipita barazani kuchukua shuka chafu nikamkuta anasinzia, nikamuuliza, "Umesimama leo?" Akasema, "Kesho." Nikauliza tena siku nyingine, akasema kesho. Nikamwambia, "Minza, mimi sipo kwenye wodi hii tena. Sina amri juu yako. Ukitaka kurudi kwenu umebebwa, utabebwa."

Nikabeba shuka zangu.

Nyuma ya dobi kuna kiwanja cha kamba za nguo, jua linakipiga toka asubuhi, na shuka zikitundikwa zinakata upepo. Siku moja niko kwenye kamba, nikasikia fimbo inagonga mawe. Minza huyo, anakuja peke yake, ukuta hadi ukuta, anatweta, blanketi begani. Makohozi yake yalikuwa yameshapimwa, hayana mdudu tena. Ilibaki dawa ya kumalizia na hiyo mifupa. Akafika, akajitupa chini kati ya shuka, akavua blanketi, akanyoosha miguu.

"Usiseme neno, mayu."

"Nimesema?"

"Umefikiria."

Kesho yake alikuja na wenzake. Keshokutwa wengine zaidi, wale ambao makohozi yao yameshasafishika. Wakawa wanajilaza kati ya mistari ya shuka, huwaoni mpaka ukaribie. Matroni akapita siku moja kukagua sabuni. Akasimama, akasikiliza.

"Mbona shuka zako zinakohoa?"

"Zina mafua, Matroni."

Akageuka akaenda zake. Hakulizungumza tena, wala sabuni hakuikagua.

Minza aliondoka hospitalini akitembea. Polepole, na fimbo, lakini miguu ni yake. Masanja alikuja kumchukua, akanivuta pembeni. Alikuwa ameshapita kwenye zile fremu mpya, ameonyeshwa chupa za kila aina.

"Shikamoo mama. Niambie dawa iliyomponya ninunue nyingine niweke akiba."

"Marahaba. Amepona kwa sindano na vidonge vya hapa, alivyomeza mpaka mwisho. Vingine vyote usinunue. Ila mkimfungia ndani tena nitateremka Muze mwenyewe."

"Na hilo jua analolisema?"

"Jua limemsaidia mifupa, nadhani. Kama limepoza na moto wa ndani sijui. Aliyekuwa anaangalia aliacha katikati."

Minza akasema toka juu ya mkokoteni, "Mayu, ile fimbo ya kukuchapa naihitaji kutembelea." Wakaondoka.

Baada ya dobi nilipelekwa kituo cha afya Chala, kisha nikarudishwa mjini, wodi ya wazazi, hadi umri ukafika. Makatibu walibadilika, Matroni alistaafu kabla yangu. Mbinu za kutibu kifua kikuu nazo zimebadilika, watu wanameza dawa nyumbani, na hilo ni jema.

Sasa mnakuja kwangu, ninyi wajukuu na wanafunzi wa uuguzi, mnasema vitamini D imekuwa habari kubwa, kwenye simu wanasema inatibu kila kitu. Haitibu kila kitu. Mwenye kukuambia hivyo anakuuzia kitu. Wengine mnakuja na habari nyingine, kwamba imeonekana haisaidii kama ilivyodhaniwa, kwa hiyo Mama Anika alikuwa anawatesa watu kwa baridi bure. Sikilizeni. Daktari wangu hakusema inasaidia. Alisema anaangalia. Walioacha kuangalia hawakuacha kwa sababu walipata jibu, waliacha kwa sababu daktari alikuwa na bei na uwanja ulikuwa na bei. Katika hilo sitarudi nyuma hata hatua moja. Tafuteni jibu, likija limenikataa nitalikubali, lakini litafuteni mkiwa nje.

Kwenye ule uwanja wa nyuma ya wodi, fremu ya tatu ukitokea barabarani, kuna duka la dawa. Linauza vidonge vya vitamini D. Nimekwenda kuviona kwa macho yangu. Binti wa dukani ananiuliza, "Bibi, nikupe kopo ngapi?" Nikamwambia miguu yangu ilisimama hapa hapa juu ya dawa hiyohiyo kabla hamjaimwagia zege.

Siku ya kuagwa nilipostaafu walinipa kitenge na keki. Katibu wa wakati huo, kijana mzuri tu, akasema mama yetu atoe neno la shukrani. Nilikuwa nimekaa kwenye lile baraza, ndilo walilotumia kwa sherehe, limejaa joto, watu wanatoa jasho mchana kweupe na nje upepo unavuma. Nikasimama. Nikawashukuru wenzangu kwa majina, nikaishukuru mishahara iliyosomesha wanangu. Kisha nikasema, toeni vile vioo.

Wakacheka, wakapiga makofi, wakakata keki. Vioo vipo. Mwezi uliopita nilimpeleka jirani pale nikavikuta, vimeoshwa vinang'aa. Nikamwita muuguzi wa zamu, nikamwambia tena.

"Bibi," akasema, "nikivitoa wagonjwa watasikia baridi."

"Watasikia," nikamwambia. "Watakutukana pia. Vitoe."